Kuipima Sanaa ya Taka za Plastiki, Busia na Malaba

Sanaa inayotengenezwa kwa taka za plastiki ili kutuamsha kuhusu hali ya bahari na maziwa imezoea kupimwa kwa nia yake. Mtu akiambiwa kwamba sanamu ya kasa imeundwa kwa vifuniko vya chupa vilivyookotwa ufukweni, sifa humtoka papo hapo, hata kabla hajaizunguka sanamu yenyewe kuitazama mgongoni. Nia njema ni jambo la kushukuru. Lakini haimsaidii mnunuzi, wala mwalimu anayetafuta kazi ya kutundika darasani, wala afisa wa kaunti anayetaka sanamu ya kusimamisha njia panda, kujua ni ipi kati ya kazi kumi iliyo bora. Msimamo wangu ni kwamba kazi njema ni ile ambayo fundi ameijua plastiki kama mchongaji anavyoujua mti, kisha akaiacha ionyeshe ilikotoka. Kazi inayoificha plastiki, ikaipaka rangi na kuivisha sura ya kitu kingine mpaka mtazamaji asahau kwamba anatazama taka, imeshindwa katika jambo lenyewe lililofanya itengenezwe. Viungo, rangi, umbo na hata bei hupimwa kwa kipimo hicho.

Sioni mahali panapofaa zaidi kulifunza jicho kipimo hiki kuliko Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda. Kwingine ni vigumu kujua plastiki ilitoka wapi. Hapa mpakani safari yake husomeka. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Uganda nayo ilikuwa imetunga sheria dhidi ya kaveera, kama mifuko hiyo inavyoitwa huko, karibu muongo mmoja kabla ya hapo, lakini haikutekelezwa kwa ukali, viwanda vikaendelea kuitoa, na mifuko ikaanza kuvuka kuja upande wa Kenya kwa njia za panya na ndani ya shehena za bidhaa nyingine. Kwa mpimaji wa sanaa, historia hiyo ni chombo cha kazi. Ukiona katika picha ya kushonwa kipande cha mfuko wenye nembo ya duka kubwa la Kenya, tuseme yule tembo mdogo wa Nakumatt, unajua kwamba mfuko huo ni wa kabla ya Agosti 2017, na kwamba umeishi muda mrefu kuliko duka lililoutoa. Mfuko mwembamba mweusi usio na maandishi, uliookotwa kando ya barabara ya mpakani baada ya mwaka huo, yaelekea ulivuka. Fundi anayeiweka mifuko ya namna hizi mbili bega kwa bega, akaacha nembo zisomeke, ameieleza sheria na mapengo yake bila kuandika neno. Anayeikata yote vipande vidogo na kuifunika kwa rangi ya buluu ili ifanane na mawimbi ameutupa ushahidi aliokuwa nao mkononi.

Atatokea wa kuuliza: Busia na bahari wapi na wapi? Swali ni la haki, na kazi nyingi huanguka hapo. Mto Sio hushuka kutoka upande wa Bungoma, hupita karibu na mji wa Busia na kuingia Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Mto Malaba, ulio mwendo mfupi tu kaskazini, hauendi Ziwa Victoria hata kidogo. Huingia Uganda, hujiunga na Mpologoma na kufika Ziwa Kyoga. Maji ya mito hiyo miwili yanakuja kukutana huko Kyoga, kwa sababu maji ya Victoria hutoka Jinja kwa Mto Nile na kupita Kyoga yakielekea Ziwa Albert, Sudan Kusini, Sudan, Misri, na mwisho Bahari ya Mediterania. Njiani kuna bwawa la Nalubaale pale Jinja, kuna vinamasi vya Sudd, kuna bwawa kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970. Kwa hiyo chupa iliyotupwa kwenye mtaro wa Malaba ina nafasi finyu sana ya kuiona bahari. Yaelekea itakwama kwenye mafunjo, itasagika, na itabaki katika maji yanayonywewa na kuvuliwa samaki na watu wa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu mbuta na sato walionunuliwa Mwanza ulikuta plastiki tumboni mwa karibu mmoja kati ya kila watano wa kila aina. Hilo ndilo tatizo la bahari katika umbo lake la hapa, nalo linamtosha msanii yeyote.

Ndiyo maana naipa alama za chini picha ya nyangumi inayotengenezwa Busia, hata ikiwa imechorwa kwa ustadi. Nyangumi ni sura iliyoazimwa kutoka mabango ya mbali, na mtazamaji wa Marachi au Amukura huipokea kama habari ya watu wengine. Mbuta, ngege, omena, kamongo anayejizika kwenye tope wakati wa kiangazi, korongo wa vinamasi vya Budalang'i: hawa ndio wanaokutana na plastiki ya Busia. Na hata kati ya kazi za hapa hapa kuna tofauti. Sanamu ya Malaba iliyowekwa juu ya ramani ya Ziwa Victoria ina kosa la jiografia, na kosa hilo linaonyesha kwamba fundi hakuufuata mto ulio nyuma ya nyumba yake. Kuna watakaosema kwamba mnunuzi mgeni anayepita mpakani anamtambua nyangumi na hamjui kamongo. Ni kweli, na fundi anahitaji kula. Lakini kazi inayodai kutuamsha huwa na deni kwanza kwa wale wanaoweza kubadili kitu, na mtu wa Malaba anaweza kuubadili mtaro wa Malaba.

Tuje kwenye plastiki yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo jicho la mjuzi hutengana na jicho la mpita njia. Plastiki ni jina la familia ya vitu visivyofanana. Mtungi wa mafuta ya kupikia, ule wa njano unaoishia kuteka maji kila boma la magharibi, ni polithini nzito. Chini yake mara nyingi kuna pembetatu yenye namba 2. Chupa ya maji au soda ni namba 1. Mikanda ya kufungia robota za mitumba, magunia ya sukari na nafaka, na ile mifuko inayofanana na kitambaa ni polipropilini, namba 5. Namba 2 na namba 5 huelea majini zenyewe. Namba 1 huzama pindi kifuniko kikitoka na hewa ikaisha. Kwa hiyo sanamu inayosemekana imetengenezwa kwa takataka zilizoelea ziwani, na ambayo ukiichunguza ni vipande vitupu vya chupa za maji zilizokatwa, huenda inakudanganya. Taka zilizokaa majini zina alama zake pia: utando wa kijani au kahawia uliong'ang'ania kwenye mikunjo, kingo zilizolainika, rangi iliyofifia zaidi upande mmoja uliokuwa ukipigwa na jua. Mambo haya si uchafu wa kusuguliwa mpaka uishe. Fundi mzuri huosha ili kuondoa harufu na vijidudu, halafu huziacha alama.

Viungo ndivyo vinavyofichua zaidi. Polithini na polipropilini hazishiki gundi kwa urahisi. Unaweza kuzipaka gundi ya bei ghali kuliko zote dukani, zitashika kwa muda, kisha joto la mchana na baridi ya usiku zitazibandua. Ndiyo sababu sanamu nyingi za vifuniko vya chupa huanza kupukutika kabla hazijamaliza msimu mmoja wa mvua, na vifuniko vikarudi kwenye mtaro vilikotolewa. Fundi anayeijua plastiki hatumii gundi hapo. Hutoboa na kushona kwa uzi wa nyavu, hufunga kwa waya, hupiga ribiti, husuka, au huunganisha kwa joto lililodhibitiwa. Geuza kazi, tazama mgongo wake. Ukiona mishono yenye nafasi sawa, mafundo yaliyoelekezwa ndani, na matundu yaliyotobolewa mbali kidogo na ukingo ili yasipasuke, una kazi ya mtu aliyefikiri. Ukiona vidonge vya gundi iliyokauka, mwisho wake u karibu. Msanii El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hufuma vizibo na vifuniko vya aluminiamu vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, na ufumaji huo ndio unaozifanya kazi zake zikunjwe, zisafirishwe na kutundikwa upya katika majumba makubwa ya sanaa bila kusambaratika. Vifaa vyake si plastiki, lakini somo la kiungo ni lile lile.

Rangi nayo haishiki vizuri kwenye polithini. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ili uwe samaki utaanza kuchubuka pale unaposhikwa, na magamba ya rangi ni taka mpya ndogo kuliko ya kwanza. Bora zaidi ni rangi ya plastiki yenyewe: bluu ya kifuniko cha maji, wekundu wa kifuniko cha soda, manjano ya mtungi, kijani cha gunia. Kuchagua na kupanga rangi za taka ni kazi ndefu kuliko kupaka, na ni hapo utakapouona ubunifu. Joto pia lina ushahidi wake. Plastiki iliyoyeyushwa kwa subira ina uso laini usio na mapovu. Iliyounguzwa juu ya moto wa wazi ina kingo nyeusi, vijitundu na harufu ambayo haiishi. Harufu hiyo fundi ameivuta mapafuni mwake na pengine watoto wake pia, hasa kama mabomba ya PVC, namba 3, yalichanganywa humo, kwa sababu yakiungua hutoa gesi yenye asidi. Kazi ya kutetea uhai iliyomdhuru aliyeitengeneza siwezi kuiita bora, hata ipendeze vipi.

Ukitaka kipimo cha juu cha ufundi huu, Kenya inacho tayari, na kilifika hadi ziwa letu. Flipflopi ni jahazi lililojengwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, likashushwa majini Septemba 2018. Mkuku, mataruma na mbao zake ni plastiki iliyoyeyushwa na kukandamizwa, yapata tani 10, kisha mwili wote ukavishwa vipande vya patapata zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na Machi 2021 lilianza safari Kisumu kuzunguka Ziwa Victoria, likipita Kenya, Uganda na Tanzania. Watu wengi husifu rangi zake. Mimi nasifu kwamba plastiki ilipitishwa katika mtihani wa mbao: ilikatwa, ikachongwa na kuungwa kwa njia za waunda majahazi wa Lamu, kisha ikapelekwa mahali ambapo kosa la kiungo huonekana kwa maji kuingia. Na ngozi yake ya patapata haikufichwa. Mtoto anayesimama gatini anatambua kile alichokivaa mwenyewe. Ocean Sole, iliyoanzia kwenye fukwe za Kiunga mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa juhudi za Julie Church na sasa ina karakana Nairobi, ni kipimo cha namna nyingine. Sanamu zake za wanyama huchongwa kwa visu kutoka matabaka ya patapata zilizogandishwa pamoja. Hapa gundi inafaa, maana sponji ya patapata hushika gundi vizuri, na fundi anayejua tofauti hiyo ameipita hatua ya kubahatisha. Katika kazi hizo tafuta zile ambazo unene wa soli moja moja bado unahesabika kwenye ubavu wa mnyama. Zilizosuguliwa mpaka zikawa kama sponji mpya ya dukani zimepoteza nusu ya thamani yake.

Busia na Malaba zina kazi yao inayostahili kupimwa kwa ukali huo huo, nayo ni kikapu cha mikanda. Wengi hawakihesabu kuwa sanaa kwa kuwa hubeba nyanya. Mimi nakiweka juu ya sanamu nyingi, kwa sababu kinaingia sokoni mahali pa juala na kinaonekana kila siku. Kitu cha kwanza cha kuuliza ni kama mikanda ilitumika. Vikapu vingi vinavyouzwa nchini vimesukwa kwa mikanda mipya inayonunuliwa kwa roli, na hakuna ubaya, kikapu kizuri ni kikapu kizuri, mradi kisiuzwe kwa jina la kuokoa ziwa. Mkanda mpya hauna mwisho: ni rangi moja, unang'aa sawasawa, na msusi hahitaji kuunga. Mkanda uliofunga robota la mitumba ulikatwa kwa kisu robota lilipofunguliwa, kwa hiyo urefu wake hauzidi mzunguko wa robota. Una mkunjo pale ulipopinda kwenye kona, una alama ya kubanwa au kuunganishwa kwa joto, una mikwaruzo, pengine na herufi za kiwanda cha mbali. Msusi anayefanya kazi na vipande hivyo lazima aunge kila mara, na namna anavyounga ndiyo saini yake. Ncha mpya inapaswa kupita chini ya mishororo kadhaa pamoja na ncha ya zamani, na maungo yatawanyike, yasikusanyike upande mmoja na kuacha udhaifu. Inua kikapu kwenye mwanga; matundu yawe madogo na sawa. Kikalishe juu ya meza, kitako kisicheze. Fuata mshikio kwa kidole: ulio bora hushuka ukasukwa hadi kitakoni, ule dhaifu umeshikizwa mdomoni tu na utang'oka siku ya kwanza ya kubeba viazi. Watu wa ukanda wa ziwa wamesuka mafunjo kuwa mikeka tangu zamani, na msusi aliyeujua mkono huo huonekana katika namna anavyozipinda kona bila kuzivunja.

Pingamizi kubwa zaidi huja na hesabu. Makadirio ya wanasayansi yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema kwamba mwaka 2010 pekee plastiki kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 iliingia baharini. Mbele ya kiasi hicho tani 10 za jahazi ni nini, na kikapu cha gramu mia chache ni nini? Jibu ni kwamba anayeipima sanaa kwa kilo ameshika mizani isiyo yake, na wasanii wanaojitangaza kwa kilo ndio waliotufundisha kosa hilo. Kuondoa plastiki ni kazi ya sheria, ya viwanda na ya kaunti inayozoa taka. Kazi ya sanaa ni kufanya kitu tulichozoea kukipita kionekane, na kuonyesha chanzo chake. Mapema mwaka 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipokutana Gigiri, Nairobi, msanii Benjamin Von Wong alisimamisha bomba kubwa la maji lililokuwa likimwaga plastiki iliyokusanywa na wakazi wa Kibera. Uzito wake si kitu. Nguvu yake ni kwamba umbo lilikuwa hoja kamili: anayekuta nyumba imefurika hufunga bomba kabla ya kushika tambara. Kwa mpakani, swali la kumuuliza msanii ni lile lile. Je, kazi inaishia kwenye mtupaji wa mwisho, yule mama muuza samaki na mfuko wake, au inarudi nyuma hadi kwa aliyetengeneza na aliyevusha?

Wengine watasema kwamba ninadai mengi, na kwamba ujumbe ukifika inatosha. Ingekuwa hivyo kama ujumbe ungeweza kusimama bila mwili unaoubeba. Sanamu iliyobomoka mbele ya ofisi inafundisha kwamba hata wanaoijali plastiki huiacha itapakae. Hapa ndipo uzee wa kazi unapopaswa kupimwa. Jua la ikweta huivunja plastiki. Baada ya muda uso wake hutoa unga. Pitisha kidole gumba juu ya kazi iliyokaa nje. Kikitoka na unga mweupe, kazi hiyo imeanza kutoa chembe zile zile ilizozilalamikia, na mvua itazipeleka mtoni. Magunia ya polipropilini huchakaa haraka zaidi, mitungi minene polepole. Kwa sababu hiyo kazi ya magunia na mifuko iwe ya ndani ya nyumba, na ya nje itengenezwe kwa vitu vinene, iwekwe kivulini, na iwe na mtu anayejulikana wa kuiteremsha wakati wake ukifika. Mnunuzi wa umma asiyeuliza jambo hili ananunua takataka ya miaka mitano ijayo.

Kuna pia uaminifu wa kupanga. Chris Jordan, aliyewapiga picha makinda ya albatrosi waliokufa katika kisiwa cha Midway matumbo yakiwa yamejaa plastiki, alieleza wazi kwamba hakusogeza kipande hata kimoja, na tamko hilo ni sehemu ya ubora wa picha zile. Mpiga picha wa Sio Port anayeongeza chupa ufukweni ili fremu ijae ameharibu kazi yake, hata kama chupa alizoongeza aliziokota mita hamsini kutoka hapo. Mchongaji na msusi wana uhuru zaidi, kwa kuwa kila mtu anaona wamepanga. Uaminifu wao uko katika kutaja kifaa. Maandishi madogo yanayosema 'mikanda ya robota, soko la Busia', au 'vifuniko, ukingo wa Mto Malaba', yana thamani zaidi kuliko aya nzima kuhusu kuokoa sayari.

Bei ije mwisho, na ije kwa haki. Katika kazi hizi muda mwingi huliwa na kuokota, kuosha, kukausha na kuchambua rangi, kabla mshono wa kwanza haujapigwa, na mnunuzi anayepunguza bei kwa hoja kwamba vifaa ni vya bure hajaelewa alichokishika. Muulize fundi plastiki ilitoka wapi, nani aliiokota na alilipwa nini. Anayejua atajibu kwa majina ya mitaa na vituo, asiyejua atajibu kwa neno bahari. Muulize pia kazi ikichakaa irudi wapi. Akikuonyesha gunia la kazi za zamani anazozifumua ili mikanda yake isukwe tena, lipa alichotaja.